Basho: Mshairi Aliyetunga kwa Miguu

Huku kwetu pwani, akitajwa mshairi, wengi humfikiria mtu aliyeketi barazani, kalamu mkononi, akihesabu mizani. Leo napenda wasomaji wamjue mshairi ambaye baraza yake ilikuwa njia. Naye ni Matsuo Basho wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1644 katika jimbo la Iga.

Ujanani alimtumikia kijana wa ukoo wa wakubwa, na ushairi ukawaunganisha. Bwana wake alipofariki mwaka 1666, Basho aliacha utumishi. Baadaye akahamia Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akawa mwalimu wa mashairi mwenye wanafunzi wengi. Mmoja wao alimletea mche wa mgomba, ukapandwa kando ya kibanda chake. Watu wakakiita kibanda kwa jina la mti huo, naye akalichukua likawa jina lake. Basho, basi, ni mgomba.

Sifa hizo zingemtosha mtu mwingine, lakini yeye hakutulia. Kibanda kiliteketea kwa moto, na mwaka 1683 mama yake akafariki. Mwaka uliofuata akashika njia.

Safari yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1689, Ngome ya Mombasa ingali mikononi mwa Wareno. Alikuwa na umri wa miaka 45, tumbo likimsumbua, wala hakuwa na hakika ya kurudi. Aliiacha nyumba yake kwa wengine, akaondoka na mwanafunzi wake Sora kuelekea kaskazini. Walisafiri kiasi cha kilomita 2,400, sehemu kubwa kwa miguu, kwa miezi mitano hivi.

Huko Hiraizumi, palipoangamia mashujaa mwaka 1189, alikuta nyasi tu. Akalia, akatunga shairi la mizani 17, lisilo na vina. Msomaji aijuaye Al-Inkishafi, iliyotungwa baadaye juu ya magofu ya Pate, ataelewa kilio hicho bila ya mkalimani.

Kitabu cha safari hiyo alikitengeneza kwa miaka, kikachapishwa mwaka 1702, yeye keshafariki. Shajara ya Sora, iliyojulikana mwaka 1943, ilionyesha kuwa Basho alibadili siku na mambo kadhaa. Wapo wanaoweza kumwona mwongo kwa hilo. Mimi sikubali. Karani huandika yaliyotokea, mshairi huchagua. Lakini asingekuwa na la kuchagua kama asingefika, akasimama na kutazama. Kutembea kwake hakukuwa matayarisho ya sanaa. Kulikuwa nusu ya sanaa yenyewe.

Alifariki Osaka mwaka 1694, akiwa safarini tena, na umri wake miaka 50.

Malenga wetu chipukizi wamejifunza vina na mizani, na ni vyema. Nawaomba waongeze jambo moja: watoke wende kwa miguu mpaka Gede, au Shela, au Pate kwenyewe, wasimame kimya kabla ya kushika kalamu. Kwenda mbio si kufika.