Historia: Benedetto Pistrucci, mchongaji aliyekuta kazi yake imeuzishwa kama ya watu wa kale

Mjini London, katika British Museum, kunachungwa pambo moja dogo la jiwe. Juu yake kumechongwa kichwa cha Flora, mungu wa kike wa maua katika imani ya Warumi wa kale. Tajiri aliyelinunua aliamini kwamba ni kazi ya mafundi waliokufa zamani za kale. Kumbe fundi mwenyewe alikuwa hai, na siku moja alimwambia hivyo uso kwa uso. Huyo fundi ndiye Benedetto Pistrucci.

Pambo la namna hiyo linaitwa kameo. Fundi anatafuta jiwe lenye tabaka za rangi mbalimbali, anakwangua tabaka ya juu pole pole, mpaka sura nyeupe inabaki imeinuka juu ya chini nyeusi ao nyekundu. Wengine wanachonga katika makombe makubwa ya bahari, hata yale ya Bahari ya Hindi, pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Kombe ni laini. Jiwe ni kazi ya nguvu: linataka kichuma kidogo kinachozunguka, mafuta na unga wa almasi. Jiwe ndilo Pistrucci alilochagua.

Alizaliwa Roma, inchini Italia, mwaka wa 1783. Baba yake alikuwa hakimu, na alitaka watoto wake wasome Kilatini. Lakini kijana Benedetto hakuwa na bahati na masomo, mikono yake ndiyo ilikuwa na akili. Akapelekwa kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa kameo. Alishika mbio sana, na hiyo ikaleta wivu: mwenzake wa kazi akamchoma kisu tumboni. Alipokuwa nyumbani akipona kidonda, alijifundisha mwenyewe kufinyanga sura kwa nta. Hata miaka 16 ilikuwa haijatimia vizuri, tayari alikuwa anajitumikia. Mwaka wa 1802 akaoa Barbara Folchi, na wakazaa watoto 9.

Siku hizo matajiri wa Ulaya walikuwa wanakuja Roma kutafuta vitu vya kale. Kameo yenye sura ya mungu wa Wagiriki ao Warumi, kama ni ya kale, bei ilipanda sana. Kama ni ya fundi wa juzi, bei ilikuwa ndogo. Wachuuzi wakaona njia ya kupata feza. Mmoja wao, Bonelli, alimlipa Pistrucci chini ya pauni 5 juu ya ile Flora. Kisha akaiuzisha kama kitu cha kale kwa Mwingereza Richard Payne Knight, msomi mkubwa na tajiri. Pistrucci alipotambua mchezo wa wachuuzi, alianza kuweka alama ndogo ya siri kwenye kazi zake.

Mwaka wa 1815 alifika London. Alikuwa nyumbani kwa Sir Joseph Banks, mtaalamu wa mimea, akitengeneza sura yake kwa nta. Ndipo Knight akaingia na kameo yake, akiisifu kuwa hakuna fundi wa siku hizo anayeweza kufanya vile. Pistrucci akaitazama, akasema ni yeye aliyeichonga. Knight akakasirika. Alijitetea kwamba hata yale maua ya kichwani hayaoti tena duniani. Banks akayaangalia vizuri, akakata neno kwamba ni maua ya waridi tu. Hata hivyo Knight alikataa kabisa. Basi Pistrucci akachonga Flora nyingine ili watu wajionee.

Ugomvi huo ulimfungulia mlango. Serikali ya Uingereza ilimpa kazi ya kuchora sarafu mpya ya dhahabu, sovereign. Ilipotoka mwaka wa 1817, ilikuwa na Mtakatifu George juu ya farasi akiua joka. George huyo amevaa kofia ya vita kama shujaa wa Wagiriki wa kale, ni ufundi ule ule wa kameo. Mwaka uliofuata, kwenye sarafu kubwa ya feza, aliandika jina lake lote, PISTRUCCI, pande zote mbili. Waingereza wengi walichukia kuona jina la mgeni pale. Lakini kwa mtu aliyeona kazi yake ikitembea bila jina, si ajabu alifanya vile.

Ugeni wake ulimgharimu pia. Cheo cha mchongaji mkuu wa sarafu, alichokitumainia, hakukipata, na mwaka wa 1828 kilipewa William Wyon. Mwaka wa 1819 aliombwa kutengeneza medali ya ushindi wa Waterloo. Aliitoa mwaka wa 1849, kisha miaka 30! Wafalme waliopashwa kuipokea walikuwa wamekwisha kufa.

Pistrucci alifariki karibu na Windsor, tarehe 16 mwezi wa 9, mwaka wa 1855. Binti zake wawili, Elena na Maria Elisa, nao walikuwa wachongaji wa kameo. Mtakatifu George wake anaonekana kwenye sovereign mpaka leo. Na ile Flora ambayo Knight aliiachia British Museum? Iko pale pale. Ila leo inatajwa kwa jina la Benedetto Pistrucci.