Emmanuel Kataliko: Askofu aliyepelekwa uhamishoni nyumbani kwake Butembo

Katika soko la Butembo, ukiita jina la Kambale watu kadhaa watageuka. Ukiita Paluku, hali ni ileile. Wanande wa Kivu Kaskazini huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Paluku au Mumbere kwa mvulana wa kwanza, Kambale kwa wa pili, Kasereka kwa wa tatu, Kakule kwa wa nne, Katembo kwa wa tano, Mbusa kwa wa sita. Ndiyo maana huko jina moja hubebwa na mkulima, mfanyabiashara, waziri na askofu, nao hawana undugu wowote.

Majina ya ubatizo nayo yana mambo hayo. Emmanuel, ambalo Wahispania na Wareno hulifupisha kuwa Manuel, ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana duniani. Asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni kwamba Mungu yuko pamoja na watu wake.

Historia ya Kongo ina Emmanuel kadhaa wenye sifa. Emmanuel Bamba, aliyewahi kuwa waziri wa fedha na kiongozi katika Kanisa la Kimbangu, alinyongwa hadharani jijini Kinshasa Juni 1966 pamoja na wanasiasa wenzake watatu, mwanzoni mwa utawala wa Mobutu. Emmanuel de Merode, raia wa Ubelgiji, ni mkurugenzi wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga tangu 2008, na Aprili 2014 alinusurika baada ya kupigwa risasi akiwa njiani kutoka Goma kwenda Rumangabo.

Lakini kwa watu wa Butembo na Beni, Emmanuel anayekumbukwa zaidi ni Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wao kwa zaidi ya miaka 30, kisha akawa askofu mkuu wa Bukavu wakati wa vita. Alifariki Oktoba 4, 2000.

Askofu kijana baada ya uasi

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Wanande. Wakati huo wamisionari Waasumpsionisti kutoka Ulaya walikuwa wamekwisha kufika katika eneo la Beni, ambako walianza kazi mwaka 1929. Kijana huyo alisoma seminari, akapelekwa Roma kuendelea na masomo, na akapata upadri mwaka 1958, miaka miwili kabla ya Kongo kujitawala.

Uhuru ulikuja na misukosuko. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki ya nchi na kufika hadi Butembo na Beni. Watu walikimbilia maporini na kazi nyingi zilisimama.

Mei 17, 1966, Papa Paulo wa Sita alimteua Kataliko kuwa askofu wa Jimbo la Beni. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 34. Alichukua nafasi ya Henri Piérard, mmisionari wa Kiasumpsionisti, na hivyo akawa mwana wa kwanza wa nchi hiyo kuliongoza jimbo hilo. Mwaka uliofuata jina la jimbo lilibadilishwa likawa Butembo-Beni, likiunganisha miji miwili iliyo umbali wa kilomita zipatazo 54 kwa barabara.

Wiki mbili na siku chache baada ya uteuzi huo ndipo Emmanuel Bamba alipopelekwa kwenye kitanzi Kinshasa. Watu wa nchi nzima walielewa tangu mapema kwamba utawala mpya haukuwa na subira na wapinzani.

Jina lililopigwa marufuku

Mwaka 1972 jina Emmanuel lenyewe likawa kosa. Mobutu, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, aliagiza raia waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya mababu. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire. Kadinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Baadaye serikali ikachukua na shule za makanisa, kisha ikazirudisha mikononi mwa makanisa mwaka 1977 ilipoona haiwezi kuziendesha.

Kwenye karatasi za serikali, askofu wa Butembo alibaki kuwa Kataliko. Jina la ubatizo lilirudi kutumika hadharani Mobutu alipolegeza kamba mwaka 1990.

Katika miaka hiyo, mtihani mkubwa wa Butembo haukuwa majina. Ulikuwa ni kuishi katika nchi ambayo serikali yake ilikusanya kodi bila kutengeneza barabara. Butembo ilikua kuwa mji mkubwa wa biashara bila kuunganishwa na umeme wa shirika la taifa. Wafanyabiashara wake walisafirisha kahawa, maharage, mboga na dhahabu, wakaleta bidhaa kutoka Uganda, Kenya, na baadaye Dubai na China, kwa njia ambazo kila msimu wa mvua ziligeuka matope.

Kataliko aliwahimiza waumini wake wasisubiri Kinshasa. Alitaka kila parokia iwe na shule na zahanati, na wakulima wajiunge katika vikundi. Wanavijiji walitoka na majembe na koleo kutengeneza njia za kufikisha mazao sokoni. Kazi za namna hiyo, ambazo serikali ya Mobutu ilizilazimisha kwa jina la salongo, Butembo zilifanywa na watu waliojua faida itabaki kwao.

Matunda ya fikra hiyo yanaonekana hadi leo. Mwaka 1989 Kataliko alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mjini Butembo. Jina Graben linatokana na neno la Kijerumani linalotajwa na wanajiolojia kwa Bonde la Ufa, ambalo linapita mashariki ya mji. Kabla ya hapo, kijana wa Beni aliyetaka kusomea udaktari au sheria alilazimika kwenda Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. Wengi hawakuweza. Wazazi, wafanyabiashara na kanisa walichangia, na chuo kikaanza kutoa madaktari, wanasheria na wataalamu wa kilimo papo hapo milimani.

Kiti kilichoachwa na aliyeuawa

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Kivu. Miongoni mwao walikuwamo wanajeshi na wanamgambo waliofanya mauaji. Vita vilifuata mwaka 1996. Oktoba 29 mwaka huo, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliuawa kwa risasi mjini mwake, siku ambayo mji ulikuwa ukitekwa.

Kwa miezi minne jimbo kuu hilo lilibaki bila askofu mkuu. Machi 3, 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alimteua Kataliko kwenda Bukavu. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 65. Aliuacha mji ambao kila mtu alimjua, akaenda kwa watu wa lugha nyingine, kwenye kiti ambacho mtangulizi wake aliuawa. Butembo-Beni ilimpata Melchisédech Sikuli Paluku kuwa askofu wake mwaka 1998.

Mwezi Mei 1997 Mobutu aliangushwa na Laurent-Désiré Kabila akashika madaraka. Amani haikudumu. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na Bukavu ikawa chini ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda. Mwezi huohuo watu wengi waliuawa Kasika, katika wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, wakiwamo padri na masista.

Kataliko alikuwa akipokea habari hizo kutoka parokiani wiki baada ya wiki: vijiji vilivyochomwa, wanawake waliobakwa, nyumba za mapadri zilizoporwa, vijana waliotoweka. Aliandika barua kwa waumini, na hakutumia mafumbo.

Barua ya Noeli

Barua iliyomgharimu zaidi ilitoka mkesha wa Noeli, Desemba 24, 1999. Ndani yake alieleza kwamba mataifa ya kigeni, yakishirikiana na Wakongomani wenyewe, yalikuwa yakiendesha vita kwa mali ya nchi, huku wenye mali hiyo wakifa kwa njaa na risasi. Hakuwaacha nje watu wa kanisa lake pia, kwani alikemea rushwa, wizi na woga uliokuwa umeota mizizi miongoni mwao. Aliwataka waumini wasimame imara bila kushika silaha.

Mwishoni mwa Januari 2000, wakazi wa Bukavu waligoma. Maduka yalifungwa, magari yalisimama na shule zikakaa kimya kwa siku kadhaa. Viongozi wa RCD walimtuhumu askofu mkuu kuwa ndiye mchochezi.

Februari 12, 2000, alizuiwa kurudi Bukavu. Badala yake alipelekwa Butembo.

Waasi walidhani wamemtupa mbali. Kwa kweli walimrudisha nyumbani, kwa watu aliowabatiza, aliowafundisha na kuchimba nao barabara. Isitoshe, Butembo na Beni wakati huo hazikuwa mikononi mwao. Zilikuwa chini ya kundi jingine lililojitenga na RCD na kuungwa mkono na Uganda. Waliomfukuza hawakuwa na amri huko alikopelekwa.

Hata hivyo, uhamisho ulikuwa uhamisho. Mchungaji aliondolewa kwenye kundi lake kwa nguvu, naye alikataa kuuita kwa jina jingine. Bukavu haikukaa kimya. Waumini walisali na kuandamana wakidai arudishwe, maaskofu wa Kongo walipaza sauti, na Vatikani na serikali za nje ziliwashinikiza waasi. Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi saba.

Septemba 14, 2000, Kataliko alirejea Bukavu. Umati mkubwa ulijaa barabarani kumlaki. Aliwasihi wasilipize kisasi kwa yeyote.

Siku 20

Alikaa nao muda mfupi kuliko yeyote alivyofikiri. Alisafiri kwenda Italia kuhudhuria mkutano wa maaskofu wa Afrika na Madagascar, na huko moyo wake ulisimama. Ilikuwa Oktoba 4, siku 20 tu tangu aliporudi. Mwili wake ulirudishwa Bukavu, ukazikwa kule alikokuwa amezuiwa kuingia.

Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Februari 2001, wanaharakati wa amani wapatao 300 kutoka Ulaya, wengi wao Waitalia, walifika Butembo kwa kongamano la amani. Mpango wao wa kwanza ulikuwa kukutana Bukavu, lakini waasi walikataa. Mji wa Kataliko ukawapokea badala yake. Mwaka huohuo Bukavu ilipata askofu mkuu mwingine kutoka nchi ya Wanande, Charles Kambale Mbogha.

Alichokiacha, na kilichobaki

Vita vile vilimalizika rasmi mwaka 2003. Butembo na Beni hazijawahi kupata amani kamili. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yamekuwa yakirudi mwaka baada ya mwaka, mengi yakidaiwa kufanywa na waasi wa ADF wenye asili ya Uganda. Mei 2021 mkoa wote uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Beni na Butembo zilikuwa kitovu cha mlipuko wa Ebola ulioua zaidi ya watu 2,200. Chuo alichoanzisha Kataliko kilijikuta katikati ya dhoruba hiyo. Aprili 19, 2019, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo hicho mjini Butembo na kumuua daktari kutoka Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Wakazi wengi walikuwa wameacha kumwamini mgeni yeyote, kwa sababu miaka mingi ya mauaji iliwafundisha kwamba anayekuja na magari hakuja kuwalinda.

Hapo ndipo maisha ya Kataliko yanapoendelea kuwa na maana kwa watu wa huko. Hakuacha jeshi wala chama. Aliacha shule, hospitali, chuo, na desturi ya watu kukusanyika na kufanya jambo bila kusubiri ruhusa ya mbali. Vilevile aliacha mfano wa kiongozi anayetaja uovu kwa jina lake, hata anapojua atalipia.

Wako Emmanuel wengi Butembo leo, kama walivyo akina Kambale na Paluku. Baadhi yao walizaliwa baada ya mwaka 2000 na hawakuwahi kumwona. Wanasoma katika chuo alichokianzisha, na hupita katika barabara ambazo wazee wao walizichimba kwa majembe wakati serikali ilipokuwa haionekani.