Ronald Ngala na Ndoto ya Majimbo

Juzi nilikuwa Makutano ya Meru nikingoja gari la Nairobi. Mzee mmoja mwenye umri mkubwa, aliponitambua kwa lafudhi kuwa mtu wa pwani, aliniuliza habari za marehemu Ronald Ngala. Alikumbuka mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua kwa kura wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Meru ilimtoa Bernard Mate, pwani ikamtoa Ngala. Gari likaja kabla sijamaliza kumjibu. Jawabu langu ni hili.

Ngala alikuwa Mgiriama, mzaliwa wa mapema miaka ya 1920. Alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Mwaka 1960 akaongoza KADU, chama cha makabila madogo yaliyoogopa kumezwa na makubwa. Dawa yake ilikuwa majimbo, mamlaka yasirundikwe Nairobi. Ni ugomvi ule ule wa Jefferson na Hamilton, Marekani ilipokuwa changa.

Mwaka 1962, mkutanoni London, akayapata. Mipaka iliyochorwa mwaka huo ndiyo iliyowatoa Wameru na Waembu Mkoa wa Kati, wakatiwa Mashariki pamoja na Wakamba.

Lakini wazee wetu wa mwambao wana lao juu yake. Wao walitaka ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, usimame peke yake. Ngala alikataa. Aliyeitaka Nairobi imwachie nafasi, yeye hakuwaachia wao. Hilo siwezi kulificha. Oktoba 1963 ikakubaliwa ukanda uingie Kenya, kwa ahadi kuwa mahakama za kadhi zitahifadhiwa.

Majimbo nayo hayakudumu. KANU ilishinda uchaguzi wa 1963. Ngala alikuwa Rais wa Jimbo la Pwani, lakini fedha na amri zilibaki Nairobi. Wenziwe wakahama mmoja mmoja, na Novemba 1964 akakivunja chama. Baadaye akawa waziri. Wako wamwitao msaliti. Mimi nasema nahodha aliyekimbiwa na mabaharia hana budi kutia nanga.

Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, kufuatia ajali ya gari. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zilizoanza kazi 2013. Meru ina yake, Embu ina yake, na Kilifi, kwao Ngala, ina yake. Leo mzee wangu wa Makutano akitaka kuulizia barabara mbovu, haimlazimu kupanda gari la Nairobi.