Arthur Holmes: Jamaa aliyesota akasoma umri wa mawe yetu

Ukitoka Kutus kwa matatu hadi Embu, kisha ukateremka Kiritiri, chungulia dirishani. Kwetu Kutus udongo ni mwekundu na mawe ya mjengo ni meusi au ya kijivu. Yalitapikwa na Mlima Kenya, volkano iliyokuwa hai yapata miaka milioni 3 iliyopita. Ukifika Mbeere, udongo unageuka mchanga, na mawe yana mistari na vipande vinavyometameta. Hayo ndiyo wazee. Mlima Kenya umekaa juu yao kama mpangaji aliyehamia jana.

Aliyefungua njia ya kuwajua wazee hao ni Arthur Holmes, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1890, kwa wazazi wa kawaida tu. Akiwa bado mwanafunzi London, alipima jiwe kutoka Norway. Urani iliyo ndani ya jiwe hugeuka kuwa madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Ukijua ni kiasi gani kimeshageuka, unajua jiwe lina miaka mingapi. Lake lilikuwa na milioni 370. Wakati huo kuna wakubwa walioshikilia kwamba dunia nzima haizidi milioni 40, kwa hivyo kijana wa miaka 21 alikuwa amewatibulia hesabu.

Lakini sifa hazilipi karo. Basari yake ilikuwa pauni 60 kwa mwaka, na jamaa alikuwa amesota. Mwaka 1911 akapata kazi ya kutafuta madini Msumbiji kwa pauni 35 kwa mwezi. Miezi miwili tu ilishinda mwaka mzima wa basari. Nani angekataa? Madini ya maana hawakupata, na malaria ilimlaza vibaya hadi habari za kifo chake zikatumwa kwao. Hakufa. Alirudi na mawe, na mwaka 1913 akatoa kitabu kuhusu umri wa dunia.

Mwaka 1920 alijaribu tena ng'ambo, safari hii kwa kampuni ya mafuta huko Burma. Kampuni ikaanguka, na mwanawe mdogo akafariki hukohuko. Alirudi Uingereza mikono mitupu, akafungua duka la mapambo ya Mashariki ya Mbali. Hebu fikiria: mtu aliyeipa dunia umri wake, sasa yuko kaunta anangoja wateja. Chuo cha Durham kilimchukua mwaka 1924.

Huko ndiko alikosema kwamba joto la chini ya ardhi huuzungusha mwamba taratibu, kama uji unaochemka chunguni, na mzunguko huo hubeba mabara. Wengi walimpuuza. Hakuacha, kitabu chake cha mwaka 1944 kinamalizia na suala hilohilo.

Kisha, mwaka 1951, akachapisha kazi inayotuhusu sisi. Alipanga umri wa miamba ya Afrika na kuona mkanda mmoja mrefu kutoka Msumbiji kupitia Tanzania na Kenya kwenda kaskazini: mizizi ya milima iliyolika zamani. Akauita Mkanda wa Msumbiji. Mbeere imo ndani.

Holmes alifariki mwaka 1965, mabara yanayotembea yakiwa ndiyo yanaanza kukubalika. Waliofuata wakaujaza mkanda wake. Kulikuwa na bahari hapa. Sakafu yake ilizama chini ya ukingo wa nchi kavu, mwamba ukayeyuka, volkano zikapanda kwa mstari kama zile za Indonesia leo. Bahari ikajifunga, na nchi zikagongana kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, likazaliwa bara kuu la Gondwana. Volkano nyingi zilibanwa na kupikwa hadi hazitambuliki kwa macho. Mabaki ya sakafu ya bahari hiyo yapo Pokot Magharibi na karibu na Baragoi, mahali ambapo leo maji ya kunywa yenyewe ni shida.

Kinachozitambulisha volkano hizo ni kemia ya mawe yake, pamoja na punje ndogo za zirkoni zilizofungia urani ndani. Ukisoma saa ya Holmes kwenye punje hizo, unajua kila mstari uliwaka lini, hivyo kipande kipi kilijiunga kabla ya kipi. Kaskazini, Sudan hadi Saudia, mistari hiyo haikupikwa sana, na nyingine bado zinaonekana ni lava.