Ludwig Erhard: Waziri aliyezifuta bei za serikali Ujerumani

ASUBUHI ya Jumatatu, Juni 21, 1948, wakazi wa miji ya magharibi mwa Ujerumani walikuta jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa miaka mingi. Madirisha ya maduka, ambayo siku chache kabla yalikuwa matupu, yalikuwa yamejaa sufuria, viatu, nguo na vifaa vya kazi.

Bidhaa hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Nyingi zilikuwa zimefichwa maghalani, wenyewe wakisubiri siku ambayo fedha ingekuwa na thamani na ambayo wangeruhusiwa kuuza kwa bei yenye faida.

Fedha mpya ilikuwa kazi ya majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa yaliyoikalia sehemu hiyo ya nchi. Lakini uamuzi wa kuziacha huru bei za bidhaa nyingi ulikuwa wa Mjerumani mmoja, mtu mnene asiyeachana na sigara yake nene, ambaye wengi hawakuwa wakimfahamu. Jina lake lilikuwa Ludwig Erhard.

Erhard alizaliwa Februari 4, 1897 katika mji wa Fürth, jimbo la Bavaria, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo na vitambaa. Akiwa bado mtoto mdogo aliugua ugonjwa wa kupooza uliomwacha na mguu wenye kilema.

Ilitarajiwa kuwa angerithi duka la baba yake, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilibadili mambo. Mwaka 1918, akiwa askari wa mizinga, alijeruhiwa vibaya karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Aliporudi nyumbani hakuweza tena kusimama dukani kutwa nzima.

Ndipo alipoingia shule, kwanza chuo cha biashara cha Nuremberg, kisha Chuo Kikuu cha Frankfurt. Huko alifundishwa na Franz Oppenheimer, msomi aliyechukia ukiritimba wa matajiri sawa na alivyochukia mabavu ya dola, akapata shahada ya udaktari mwaka 1925.

Katika zama za Adolf Hitler alifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa uchumi mjini Nuremberg. Hakujiunga na chama cha Nazi, na mwaka 1942 alilazimika kuiacha taasisi hiyo.

Mwaka 1944 aliandika waraka kuhusu madeni ya vita na namna ya kuujenga upya uchumi baada ya vita. Kuandika jambo la namna hiyo wakati huo kulikuwa hatari, kwa kuwa kulionyesha kwamba mwandishi hakutarajia ushindi. Nakala moja ilimfikia Carl Goerdeler, mmoja wa viongozi wa njama za kumpindua Hitler, ambaye alinyongwa Februari 1945. Erhard alisalimika.

Vita vilipokwisha, Wamarekani walimteua kuwa Waziri wa Uchumi wa Bavaria. Hakung'ara katika wadhifa huo. Alionekana kuwa msimamizi dhaifu wa ofisi, aliyependa fikra kuliko mafaili, na mwishoni mwa 1946 aliondoka serikalini.

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, yapasa kukumbuka hali ya maisha ilivyokuwa. Mwaka 1936 serikali ya Hitler ilikuwa imepiga marufuku kupandisha bei. Baada ya vita, wakuu wa majeshi ya ushindi waliuacha utaratibu huo uendelee, pamoja na ule wa kugawa chakula na bidhaa kwa vibali.

Matokeo yake yalikuwa kwamba fedha zilikuwa tele na bidhaa hazikuonekana. Mgawo wa chakula wa siku kwa mtu mmoja mara nyingine haukufika hata kalori 1,500. Watu wa mijini walipanda treni kwenda vijijini kubadilishana mazulia na vyombo vyao kwa viazi. Sigara za Kimarekani zilitumika kama fedha, na walanguzi walistawi.

Machi 1948 Erhard alichaguliwa kuongoza idara ya uchumi ya kanda za Marekani na Uingereza, yenye makao yake Frankfurt. Aliamini kwamba hakuna ofisi, hata ikiwa na wataalamu hodari kiasi gani, inayoweza kujua mahitaji ya mamilioni ya watu na kuyapangia bei. Kwake, bei ilikuwa taarifa inayomweleza mkulima na mwenye kiwanda ni nini kinachohitajika, na serikali inapoifunga huwa imewafumba macho wote wawili.

Jumapili ya Juni 20 fedha ya zamani ilifutwa. Noti mpya za Deutsche Mark, zilizokuwa zimechapishwa Marekani na kuletwa kwa siri, zilianza kugawiwa, kila mtu akipata Mark 40 za kuanzia. Waliokuwa na akiba benki waliumia sana, kwani hatimaye kila Mark 100 za zamani zilibadilishwa kwa Mark mpya 6 na nusu tu.

Siku mbili kabla, Baraza la Uchumi lilikuwa limepitisha sheria ya kumpa Erhard mamlaka ya kulegeza udhibiti wa bei. Bila kungoja idhini ya wakuu wa majeshi, aliamuru itangazwe redioni kwamba bidhaa nyingi za viwandani zimeondolewa katika orodha ya bei za serikali.

Inasimuliwa kuwa aliitwa kujieleza mbele ya Jenerali Lucius Clay, mkuu wa majeshi ya Marekani, kwa kosa la kubadili kanuni bila ruhusa. Alijitetea kwamba hakuzibadili bali alizifuta. Clay alipomweleza kuwa washauri wake wanauona uamuzi huo kuwa wa hatari, Erhard alikiri kwamba washauri wake mwenyewe walisema hivyo hivyo. Jenerali alimwacha aendelee.

Hata hivyo, hakufungua kila kitu. Kodi za nyumba, vyakula vikuu, makaa ya mawe na chuma vilibaki chini ya udhibiti kwa muda. Uhuru wa soko ulianza mahali alipoona kuwa ungeleta bidhaa haraka bila kuwaumiza mno wanyonge.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya majaribu. Bei zilipanda kwa kasi wakati mishahara ilikuwa bado imezuiwa, na wafanyakazi waliona bidhaa nyuma ya vioo wasizoweza kuzinunua. Wapinzani walijaribu kumng'oa kwa kura barazani wakashindwa. Novemba 12, 1948, zaidi ya wafanyakazi milioni 9 waligoma kwa siku moja kupinga sera zake.

Erhard hakurudisha udhibiti. Alichapisha orodha za bei zilizostahili ili wanunuzi waweze kulinganisha na kukataa kunyonywa, akahimiza viwanda kutengeneza nguo na viatu vya bei nafuu kwa wananchi wa kawaida. Mwanzoni mwa 1949 bei zilianza kushuka.

Ukosefu wa ajira ulikuwa mtihani mrefu zaidi. Mapema mwaka 1950 watu wapatao milioni 2 hawakuwa na kazi, wakiwamo wakimbizi wengi waliofukuzwa mashariki. Mambo yaligeuka viwanda vilipoanza kuuza nje kwa wingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wasio na kazi walikuwa chini ya asilimia 1.

Wanahistoria wa uchumi bado wanajadili ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na misaada ya Marekani, wingi wa wafanyakazi wenye ujuzi au sera za Erhard. Lakini ni wachache wanaopinga kwamba misaada peke yake isingezijaza rafu chini ya utaratibu wa zamani.

Akiwa Waziri wa Uchumi kuanzia 1949, Erhard alipigana pia na upande ambao wengi hawakuutarajia. Kwa miaka saba alivutana na wenye viwanda vikubwa waliotaka waendelee kukaa pamoja kupanga bei na kugawana masoko. Kwake, matajiri wanaokula njama za bei hawakuwa tofauti na serikali inayopanga bei, kwa kuwa wote humnyima mnunuzi haki ya kuchagua. Sheria ya kulinda ushindani ilipitishwa mwaka 1957, ingawa ikiwa na mianya aliyoilazimika kuikubali.

Oktoba 1963 alimrithi Konrad Adenauer kuwa Kansela, licha ya Adenauer kumpinga waziwazi. Kipindi hicho hakikumpa sifa. Katika siasa za nje aliyumba, na Tanzania inalo la kukumbuka: mwaka 1965 serikali yake iliondoa msaada wa kijeshi baada ya Ujerumani Mashariki kuruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Mwalimu Julius Nyerere akajibu kwa kuikataa misaada mingine ya Bonn.

Mwaka huo huo alishinda uchaguzi mkuu, lakini mwaka mmoja baadaye uchumi ulidorora na bajeti ikapungukiwa. Washirika wake serikalini walijiuzulu kwa kupinga kupandishwa kwa kodi, naye akaondoka madarakani mwishoni mwa 1966.

Alibaki mbunge hadi alipofariki dunia mjini Bonn, Mei 5, 1977, akiwa na umri wa miaka 80. Alizikwa Gmund, kando ya ziwa Tegernsee, katika jimbo lake la Bavaria. Sheria aliyoipigania dhidi ya njama za bei imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini ingali inatumika, na makampuni makubwa yangali yakitozwa faini kwa kuivunja.