Wells na Funzo la Kuiwazia Kesho

Aghalabu mwalimu amkutapo mwanafunzi amezama katika riwaya isiyotahiniwa, humpokonya. Kabla hatujaendelea na desturi hiyo, yafaa tuyatazame maisha ya Herbert George Wells.

Wells alizaliwa mwaka wa 1866 mjini Bromley, Uingereza. Babake alikuwa na duka dogo lisilo na faida. Mamake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Mnamo 1874 mtoto huyo alivunjika mguu, na vitabu alivyoletewa kitandani vikamfungulia dunia. Baadaye umaskini ulimlazimisha kufunzwa kazi katika duka la vitambaa, kazi aliyoichukia mno. Alijinasua kwa kuwa mwalimu msaidizi, kisha mwaka wa 1884 akapata msaada wa masomo jijini London, alikofundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley.

Elimu hiyo ilizaa riwaya zake za kisayansi. Katika The War of the Worlds (1898), viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaivamia Uingereza kwa miali ya joto inayoteketeza majeshi. Wakati huo dola ya Uingereza ilikuwa ikitanua makucha yake, hata huku kwetu. Wells anawakumbusha wasomaji jinsi walowezi wa Kizungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Hatimaye wavamizi wanauawa na bakteria, wala si mizinga. Mtoto anayeisoma hujifunza biolojia, na papo hapo hujifunza kusimama mahali pa anayeonewa.

Mnamo 1914, katika The World Set Free, Wells alibuni mabomu ya atomu. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma riwaya hiyo mwaka wa 1932. Mwaka uliofuata akawaza namna nguvu za atomu zingeweza kufunguliwa kwa mfululizo. Wells aliishi hadi akasikia habari za Hiroshima mwaka wa 1945, akafariki mwaka wa 1946.

Sarufi yetu ina viambishi -nge- na -ngali-, ambavyo twavifundisha kwa mazoezi ya ubaoni tu. Bunilizi za kisayansi ndizo humwonyesha mtoto kazi yake halisi: kuuliza jambo fulani lingetokea, nani angenufaika na nani angeumia. Taifa lisilowafunza watoto wake kuuliza hivyo litaletewa kesho iliyowazwa na wengine.

Mitihani haina budi kufanywa. Hata hivyo, mwalimu, umwonapo mwanafunzi na riwaya ya aina hii, mwachie. Kisha muulize amesoma nini.