Mzee Jomo na Maji ya Lodwar

Sisi watu wa Pwani tukimtaja Mzee Jomo Kenyatta, tunakumbuka ardhi, na kwamba alifia kwetu, Ikulu ya Mombasa, tarehe 22 Agosti 1978. La ardhi limesemwa sana. Leo namtazama kwa upande wa afya, kwani biashara yangu hunipeleka Lodwar na Kakuma, na kule jina lake halikwepeki.

Alizaliwa miaka ya 1890 akaitwa Kamau. Mwaka 1909 aliingia misheni ya Waskoti, Thogoto, na huko akafanyiwa upasuaji. Kuanzia 1922 aliajiriwa idara ya maji ya Nairobi, akisoma mita. Kwa hivyo alijua mapema thamani ya daktari na ya mfereji.

Oktoba 1952 mkoloni alimkamata. Aprili 1953 akahukumiwa Kapenguria miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kwa sababu ya umri wake, yeye aliwapikia wenzake. Aprili 1959 alihamishiwa Lodwar, akakaa chini ya ulinzi karibu miaka miwili, na Mama Ngina akaruhusiwa kuungana naye. Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walimfuata huko, akiwemo Ronald Ngala wetu.

Ndugu msomaji, ukilijua joto letu la Februari usidhani umelijua la Lodwar. Letu hukulowesha. La kule ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na mwili huishiwa maji kimya kimya. Mgeni anywe maji kabla ya kiu, na shughuli zake azifanye asubuhi na jioni. Mvua ikinyesha, mito Turkwel na Tarach hufurika, mbu huzaana, na malaria huingia, kwa hivyo chandarua ni lazima hata jangwani. Kuna pia uvimbe wa maji tumboni, unaotokana na mayai ya minyoo ya mbwa. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kinga yake ni kunawa mikono na kutowapa mbwa matumbo ya mifugo. Lakini kunawa kunataka maji, na Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, nimeona madumu yamepangwa foleni tangu alfajiri.

Mzee alipotwaa nchi alitangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 serikali yake iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje katika hospitali za umma. Hilo tumpe haki yake. Lakini mwaka huo huo serikali hiyo hiyo, katika Waraka nambari 10, iliamua fedha za maendeleo zitangulie penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Turkana haikuwa na hata kimoja. Kwa hesabu hiyo, mji uliomhifadhi ulibaki nyuma, pamoja na Tana River na bara ya Kwale na Kilifi kwetu.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na kisingizio cha Nairobi kimepungua. Mwaturkana wa Kakuma na Mgiriama wa Ganze wana dai moja: mfereji wenye maji na zahanati yenye dawa. Magavana wetu tuwapime kwa hayo mawili kwanza.